Mafuta ya Breki Yapotea Wapi?

Mkulima, ukiona mafuta ya breki ya pikapu yako yapungua kila juma, na chini ya gari hapana hata tone, usiongeze tu ukaenda zako. Tafuta yanapotokea.

Kwanza, tazama viatu vya breki. Vikilika, mafuta hushuka polepole. Huko si kuvuja.

Pili, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua gari, uliegemeze imara, kisha vua ngoma za nyuma. Pakiwa na majimaji, mpira wa silinda ya gurudumu umekufa. Badili silinda, na viatu vya pande zote mbili, kwani kilicholowa hakifai tena.

Tatu, legeza silinda kuu. Nyuma yake pakilowa, mafuta yaingia ndani ya buusta, na injini ya petroli huyavuta na kuyachoma, ikitoa moshi mweupe. Badili silinda hiyo.

Mwisho, toa hewa katika mabomba. Tumia mafuta yaliyoandikwa juu ya kifuniko, kama DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini huharibu mipira.

Kanyagio likizama, maziwa na yangoje. Mteremko haumngoji fundi.