Si kila giza la uzeeni ni upofu wa milele

Miongoni mwa maneno yanayosemwa kwa wepesi katika nyumba zetu ni hili la "macho ya uzee". Mzee akianza kupapasa ukuta na kuwatambua wajukuu kwa sauti zao, jamaa husema huo ni umri, na habari ikaishia hapo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jicho lilivyoumbwa na linavyofanya kazi, ili ibainike kwamba neno hilo moja hufunika magonjwa mawili yasiyofanana. Ugonjwa mmoja kwa kawaida hutibika hata mgonjwa akichelewa, na wa pili haumsubiri mtu.

Tuanze na swali la kale. Je, jicho huona kwa kutoa kitu au kwa kupokea? Wanazuoni wa Kiyunani kama Euclid na Ptolemy walishikilia kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu. Aliyeipinga rai hiyo kwa dalili zilizo wazi ni Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki karibu na mwaka 1040 baada ya kuishi miaka mingi Cairo. Katika kitabu chake, Kitab al-Manazir, alisema kwamba mwenye kulikodolea jua macho humuuma, na akiyafumba hubakiwa na taswira yake. Basi kuna kilichoingia, nacho ni nuru. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini na kupigwa chapa Basel mwaka 1572. Ibn al-Haytham alidhani lenzi ndiyo inayohisi nuru. Mwaka 1604, Johannes Kepler alieleza kwamba lenzi hupitisha tu, na taswira huangukia nyuma ya jicho ikiwa imepinduka juu chini.

Sasa tuifuate nuru hiyo. Jicho la mtu mzima ni tufe lenye kipenyo cha milimita 24 hivi. Mbele yake kuna kioo angavu kiitwacho konea, kisicho na mshipa wowote wa damu. Hicho ndicho kinachofanya takriban thuluthi mbili za kazi ya kuipinda miale. Nyuma yake ni duara lenye rangi, na katikati ya duara ni tundu tuliitalo mboni, ambalo hubana hadi milimita 2 hivi penye mwanga mkali na kupanuka hadi kufikia 8 gizani. Kisha ipo lenzi, ambayo hutuna tunapotazama kitu cha karibu. Kadiri miaka inavyokwenda lenzi hukakamaa, na ndiyo sababu mtu aliyevuka miaka 40 hulisogeza gazeti mbali na uso wake. Huo si ugonjwa, na dawa yake ni miwani.

Mwisho wa safari ni retina, utando mwembamba uliotandazwa nyuma ya jicho. Humo mna seli milioni 120 hivi zinazotuwezesha kuona penye mwanga hafifu, na nyingine milioni 6 hivi zinazobainisha rangi na vitu vidogo. Habari zake zote hukusanywa katika mshipa mmoja wa fahamu wenye nyuzi zipatazo milioni moja, unaozipeleka kwenye ubongo.

Mahali mshipa huo unapotokea hapana seli hata moja ya kuona. Msomaji anaweza kujaribu mwenyewe. Chora alama ya kujumlisha, na sentimita 8 kulia kwake weka nukta nene. Fumba jicho la kushoto, kaza la kulia kwenye ile alama, kisha isogeze karatasi polepole kutoka umbali wa mkono. Ikifika sentimita 30 hivi, nukta itatoweka. Hutaona shimo, bali karatasi tupu, kwa kuwa ubongo umeliziba pengo. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalihitaji.

Ama ugonjwa wa kwanza ni mtoto wa jicho, chanzo kikubwa kuliko vyote cha upofu duniani. Matabibu wa Kiarabu waliuita kushuka kwa maji, wakidhani maji yameteremka mbele ya lenzi. Huko Cairo, zama za Khalifa al-Hakim, Ammar ibn Ali al-Mawsili alieleza namna ya kuufyonza kwa sindano yenye tundu. Baadaye, katika karne ya 18, ikathibitika kwamba lenzi yenyewe ndiyo inayoingia ukungu. Mwaka 1949, Harold Ridley wa London aliweka lenzi ya kutengenezwa ndani ya jicho, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki ya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita havikuleta madhara aliyoyatazamia. Leo upasuaji huo kwa kawaida hauchukui hata saa moja. Retina ikiwa nzima, aliyekuwa haoni huona.

Ugonjwa wa pili ni presha ya macho, yaani glakoma, nao si sawa na presha ya damu. Ndani ya jicho hutengenezwa maji daima na kutiririka nje. Njia yake ikiziba, mkandamizo hupanda na kuziua zile nyuzi za mshipa. Mara nyingi hakuna maumivu. Uoni huanza kupungua pembeni, na ubongo huliziba pengo kama ulivyoiziba ile nukta. Mgonjwa anapotanabahi, kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa kisu. Tiba hukilinda kilichobaki tu. Watu wenye asili ya Afrika huupata zaidi na mapema zaidi, na ndugu wa mgonjwa wamo hatarini kuliko wengine.

Kwa hiyo, mzee asiyeona apelekwe kwa daktari wa macho kabla ya kuhukumiwa kuwa kipofu. Aliyevuka miaka 40 apimwe hata kama haumwi, hasa ikiwa mzazi au nduguye ana presha ya macho. Mtoto mchanga mwenye weupe katika mboni asicheleweshwe hata wiki. Aidha, tuache kutia machoni maji ya majani na asali, kwani konea ikipata kidonda huacha kovu linaloizuia nuru.

Subira katika maradhi ni sifa njema. Lakini kumwacha mzazi gizani ilhali tiba ipo si subira, bali ni kughafilika na haki yake juu yetu.