Utelezi wa Delele na Tumbo la Mfanyakazi



Huko Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, ugali wa muhogo huliwa kwa samaki, na mara nyingi kwa delele, yaani bamia au mlenda. Ule utelezi ni minyororo mirefu ya sukari isiyo tamu, inayovuta maji ikawa ute. Tumbo nalo lina ute wake, unaolikinga lisichomwe na asidi.

Mwaka 2004 wataalamu wa Ujerumani walionyesha katika maabara kwamba maji ya bamia huzuia vijidudu vya Helikobakta pilori kung'ang'ania ukuta wa tumbo. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyoleta vidonda vingi vya tumbo. (Sisi tulizoea kulaumu pilipili!) Lakini maabara si tumbo la mtu. Mwenye kidonda apimwe, apewe dawa za kuua vijidudu. Delele ni chakula tu, tena chakula chema.

Jambo linalotusumbua zaidi ni aspirini. Wengi wetu huimeza kabla hatujala ili tumalize zamu, nayo huudhoofisha ute huo wa tumbo. Anayeona choo cheusi kama lami asingoje zamu iishe. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Mnyapara ataarifiwa baadaye.