Mkaa wa tope la chooni: je, jiko la Muislamu litaukubali?

Tumezoea kuitaja najisi katika mlango wa twahara kisha tukaiacha hapo hapo. Leo tunaifuata hadi jikoni.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ambako mchanga huinywa mvua na maji ya ardhini yako mbali. Ya kunywa hupandishwa kutoka mabondeni. Kwa hiyo kaya nyingi, huko na Masasi, hutegemea choo cha shimo. Likijaa, hufukiwa au hutapishwa. Kuni nazo ni za kununua au za kufuatwa mbali.

Huko Naivasha, Kenya, kampuni ya Sanivation hupasha moto kinyesi hadi vijidudu vya maradhi vife, hukichanganya na mabaki ya mimea au vumbi la mkaa, kisha hukishindilia kuwa vitonge vya kuni. Utafiti uliofanywa Kampala, Dakar na Kumasi, na kuchapishwa mwaka 2014, uliona kwamba kilo moja ya tope lililokauka hutoa megajuli 17 hivi za joto, karibu sawa na kuni. Kazi kubwa ni kuondoa maji. Hapa shimo kavu la Newala, ambalo tumezoea kulihesabu kuwa ni dhiki, lina heri yake.

Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034.

Sasa hukumu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, moto hautwaharishi: majivu ya najisi ni najisi, na moshi wake vilevile, ila kidogo chake husamehewa. Kuiwasha kwenyewe si haramu. Wanazuoni wa Kihanafi husema kitu kikishageuka majivu kimetwaharika. Tofauti hii si ndogo kwa mama anayesugulia sufuria majivu ya jikoni! Mwenye kufuata Shafii na atafute kitu kingine cha kusugulia.

Biashara ni ngumu zaidi, kwani kwa Mashafii kuuza najisi hakusihi. Wamekubali tu mtu alipwe kwa kuondosha mkono wake juu yake. Anayefikiria kazi hii Masasi amwendee sheikh wake kabla hajanunua mashine.

Wallahu a'lam.