Wanakijiji, ulizeni hesabu za maji kabla pampu haijafa

Katika vijiji vingi nchini, hesabu za mradi wa maji huanza kuulizwa siku pampu inapokufa. Hapo ndipo inapogundulika kuwa fedha za kununulia kipuri hazipo, na wanaoumia kwanza ni mama lishe, mfugaji na mwenye bustani ya mboga.

Kufuatilia hesabu hizo hakuhitaji msomi. Tuseme kituo kinauza ndoo 200 za lita 20 kwa siku, kila ndoo Sh50. Hiyo ni Sh10,000 kwa siku, au Sh900,000 kwa siku 90. Ukitoa posho ya mhudumu, dizeli na matengenezo madogo, kinachobaki lazima kionekane benki. Kisipoonekana, wahusika wana swali la kujibu.

Mahali pa kuuliza papo. Tangu mwaka 2019 huduma ya maji vijijini inasimamiwa na RUWASA, huku vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii vikiendesha miradi. Lakini mwenye kijiji ni mwananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982 inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa chombo cha juu kabisa kijijini, na mkutano huo unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu.

Faida ya kuweka hesabu hadharani ilionekana kwa jirani zetu wa Uganda, upande wa elimu. Utafiti ulionyesha kuwa kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa wilayani, na shule zikabandika ukutani zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Yalikuwepo mageuzi mengine pia, lakini mzazi alishajua kiasi cha kudai.

Kwa hiyo, mkulima na mfanyabiashara, fanyeni mambo matatu. Hesabuni ndoo zinazouzwa. Daini taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Na mkiuliza mkutanoni, hakikisheni swali na jibu vimeandikwa kwenye muhtasari, ili mkutano ujao uanzie hapo.