Tijara ya Dawa za Unene kwa Njia ya Intaneti Nchini Marekani

Tangu mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipoidhinisha dawa ya sindano ya kupunguza uzito, Wegovy, mwezi Juni 2021, na kisha Zepbound mwezi Novemba 2023, imestawi nchini humo tijara ambayo duka lake ni simu ya mkononi, tabibu wake aghalabu hakutani na mgonjwa ana kwa ana, na bidhaa yake hupelekwa hadi mlangoni. Matangazo ya washindani wa tijara hiyo hufanana mno. Kwa hiyo anayetaka kuwapima kwa insafu hana budi kuuliza mambo matatu: gharama kamili ni kiasi gani, dawa imetoka wapi, na nani atamwangalia mgonjwa baada ya sindano ya kwanza.

Bei rasmi ya Wegovy ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi, na kwa kuwa bima nyingi zilikataa kuilipia, kampuni ya tiba ya mtandaoni ya Hims & Hers ilivuta wateja wengi ilipoanza, mwezi Mei 2024, kuuza semaglutaidi, yaani kiambato cha Wegovy, iliyochanganywa na wafamasia, kuanzia dola 199 kwa mwezi. Kampuni shindani ya Ro, kwa upande wake, ilikuwa ikitoza ada ya uanachama ya dola 145 kwa mwezi, na dawa ikalipiwa mbali. Hivyo anayelinganisha ada ya huyu na bei ya yule amelinganisha vitu viwili visivyo vya jinsi moja. Wenye viwanda nao hawakukaa kitako: Eli Lilly, yenye Zepbound, ilifungua huduma yake ya mtandaoni, LillyDirect, mwezi Januari 2024, na Novo Nordisk, yenye Wegovy, ikaanza Machi 2025 kuwauzia Wegovy kwa dola 499 wanaolipa kutoka mfukoni.

Ama asili ya dawa, hapo ndipo penye hitilafu kubwa zaidi. Ruhusa ya kuchanganya nakala za dawa hizo ilitokana na uhaba, na FDA ilipothibitisha kuwa uhaba wa tirzepataidi, kiambato cha Zepbound, umekwisha Desemba 2024, na ule wa semaglutaidi Februari 2025, msingi wa biashara hiyo ulitikisika. Dawa ya kuchanganywa haikupimwa na FDA usalama wala ubora wake kabla ya kuuzwa. Aghalabu huja katika kichupa, na mgonjwa huivuta mwenyewe kwa bomba la sindano lenye alama za yuniti, ilhali tabibu ameandika miligramu; na FDA ilipokea taarifa za watu waliojidunga mara 5 hadi 20 ya kipimo walichokusudiwa, hata baadhi yao wakalazwa hospitali. Kalamu ya Wegovy hutoka kiwandani ikiwa na kipimo kimoja tu, tayari.

Jambo la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, nalo halitajwi sana katika matangazo. Matibabu ya Wegovy huanza kwa miligramu 0.25 kwa wiki na kupandishwa kwa daraja hadi 2.4 baada ya wiki 16, na katika kila daraja kichefuchefu, kutapika au kuharisha kunaweza kumfika mgonjwa; tena mwenye historia ya saratani fulani ya tezi ya shingo katika ukoo wake haruhusiwi kabisa kuitumia. Mambo hayo hayafai kuachiwa fomu ya mtandaoni peke yake. Mtu mwenye urefu wa mita 1.65 huhesabiwa mnene kupita kiasi, na hivyo kustahiki dawa, akifikia kilo 82, na anayeamua kuandika 82 badala ya 70 hazuiwi na fomu. Huzuiwa na tabibu anayemtazama na kumhoji.

Dawa yenyewe ina manufaa ya hakika: katika jaribio lake kuu, waliotumia semaglutaidi walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68. Lakini manufaa hayo yalipatikana chini ya macho ya matabibu. Kwa sababu hiyo mlinganisho ulio sahihi ni kuchukua gharama ya mwaka mzima, ada na dawa pamoja, kisha kumtanguliza yule mtoaji ambaye tabibu wake anajulikana kwa jina na leseni, anaagiza vipimo, na anapatikana siku mwili unapoikataa dawa. Asiyeweza kutoa dhamana hiyo, hata bei yake ikiwa ndogo, hastahili kukabidhiwa mwili wa mtu.