Wageni katika bwawa la samaki: nani abaki, nani atoke

Mukileta alevini (vifaranga vya samaki) katika bwawa, hamuleti samaki peke yake. Maji ya bidoni, majani na tope vinabeba viumbe vingine. Wengi wakiona kitu kinatembea majini wanakimbilia dawa ya shamba. Hapana! Dawa nyingi za kuua wadudu wa mboga zinaua samaki pia, na wageni wengi ni chakula chao.

Mbele ya kumwaga alevini, chota maji kidogo katika beseni nyeupe, uweke juani, uangalie pole pole. Vinukta vinavyorukaruka kama viroboto ni vijidudu vya maji, na alevini wadogo wanavipenda sana. Minyoo miembamba myekundu ya topeni inaogopesha watu, eti ni ugonjwa. Ile ni watoto wa visubi wasiouma. Wekundu wao unawasaidia kuishi penye hewa kidogo, na samaki wanawala. Lakini ikiwa myekundu imejaa kila mahali, tope lako limeoza sana: punguza mbolea na uangalie kama samaki wanapanda juu kuvuta hewa asubuhi.

Kuna wadudu wawili wanaofanana, wenye miguu mirefu kama makasia. Anayeogelea tumbo chini kwa kawaida anakula majani madogo ya maji, mwache. Anayeogelea chali, tumbo juu, anawafyonza alevini. Ule wa chali tunamtoa. Mtoto wa kereng'ende naye ni mbaya kwa alevini: ana miguu sita, macho makubwa, na mdomo wa chini unaotoka ghafla kukamata. Samaki wakiisha kuwa wakubwa kama kidole, hawasumbui tena.

Mgeni mubaya kabisa ni samaki mwenzao. Kama alevini zilivuliwa mtoni, tafuta mongusu, mrefu, mwenye kichwa kama cha nyoka. Mmoja tu akibaki, atakula wenzake mpaka mavuno.

Konokono sasa. Hawa wanaweza kudhuru mutu. Mwaka 1934 daktari A. C. Fisher, aliyekuwa Yakusu, karibu na Kisangani, aliandika juu ya bilharzia ya matumbo ya eneo letu. Konokono mwenye kifuniko kigumu mdomoni habebi bilharzia. Asiye na kifuniko anaweza kubeba, hasa yule ambaye, ukisimamisha ncha ya ganda juu na mdomo kukuelekea, mdomo uko upande wa kushoto. Usimshike kwa mkono mtupu. Vaa buti ukiingia majini, na hakuna choo karibu na bwawa wala mfereji wake, kwa sababu mayai ya mdudu yanatoka na choo kikubwa. Mutu akiona damu chooni, aende kituo cha afya, dawa iko.

Ili wageni wabaya wasikae: baada ya mavuno toa maji yote, nyunyiza chokaa chini pakiwa bado na unyevu, acha bwawa likauke vizuri, fyeka nyasi za kingo, funga wavu wa matundu madogo pa maji kuingia. Jaza maji siku chache tu mbele ya alevini. Ukikawiza wiki nyingi, wadudu wa chali na watoto wa kereng'ende wanakuwa wakubwa wakisubiri samaki wako.