"Simey… iyu": Hatua za Kwanza za Kujitambulisha kwa Kitigrinya



Ndugu msomaji, Kanisa la Afrika Mashariki ni pana kuliko mipaka ya Kiswahili. Maaskofu wa Ethiopia na Eritrea wamo pamoja na maaskofu wetu katika AMECEA, na mapadre, watawa na mafrateri wa nchi hizo huja kusoma Nairobi. Zaidi ya hao wapo wakimbizi. Nairobi na Kampala zina familia nyingi zilizotoka Eritrea, na vita vya Tigray, vilivyoanza Novemba 2020 hadi mkataba wa Pretoria wa Novemba 2022, viliwatawanya watu wengi. Wengi wa ndugu hawa huzungumza Kitigrinya. Wakija kwetu Dominika hukaa benchi la nyuma, Misa inaisha, wanaondoka. Si kwamba tunawachukia, ila hatujui tuanze na neno gani.

Makala hii ina lengo dogo. Ukimaliza kuisoma uweze kusalimu, kutaja jina lako, kumwuliza mwenzako jina lake na kusema unakotoka.

Kitigrinya ni lugha gani?

Kitigrinya huzungumzwa Eritrea na katika jimbo la Tigray, kaskazini mwa Ethiopia. Ni lugha ya Kisemiti, ndugu wa Kiamhari, Kiarabu na Kiebrania. Jamaa yake wa karibu zaidi kwa upande wa Kanisa ni Kige'ez, lugha ya kale ambayo bado hutumika katika liturujia, kwa Waorthodoksi na kwa Wakatoliki wa madhehebu ya Kige'ez. Wakatoliki wa Eritrea ni Kanisa la Mashariki lililo katika umoja na Papa. Mwaka 2015 Papa Fransisko alilifanya kuwa Kanisa la kimetropolitani lenye makao Asmara. Kwa hiyo ukimwona Mweritrea anafanya ishara au kufunga kwa namna usiyoizoea, usiharakishe kudhani si Mkatoliki.

Maneno yake yaliyoandikwa yatakutisha mwanzoni, lakini mpango wake unaufahamu tangu darasa la kwanza. Sisi tulifundishwa kusoma kwa silabi: sa, se, si, so, su. Maandishi ya Kige'ez, yanayotumika pia kwa Kitigrinya, hufuata silabi hivyo hivyo: kila herufi ni konsonanti pamoja na irabu yake, na kila konsonanti ina maumbo saba. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama yetu.

Salamu

Salamu ya kwanza ni *Selam* (ሰላም), yaani amani. Masikio ya Mswahili hayapotei hapo, maana "salamu" yetu ina mzizi uleule wa Kisemiti. Ndilo neno la Kristo Mfufuka alipowatokea wanafunzi waliojifungia kwa hofu.

Baada ya hapo unauliza hali, na hapa lugha inakudai umwangalie unayesema naye. Kiswahili hakijali kama unaongea na kaka au dada: "Hujambo?" ni moja. Kitigrinya kinajali:

– kwa mwanaume: *Kemey alekha?* (ከመይ ኣለኻ)
– kwa mwanamke: *Kemey alekhi?* (ከመይ ኣለኺ)

Jibu ni *Tsibuq* (ጽቡቕ), nzuri. Kushukuru ni *Yeqenyeley* (የቐንየለይ). Sauti "kh" itamke kama katika "kheri". "Ts" na "q" hutamkwa kwa nguvu kidogo kooni. Mwombe mwenye lugha akutamkie mara mbili tatu; hakuna maandishi yatakayokufundisha sauti hizo.

Na mzee je, au padre? Kitigrinya hakina "shikamoo", ila heshima huingia katika kitenzi chenyewe: mtu mmoja husemeshwa kama ni wengi. Mzee wa kiume unamwambia *Kemey alekhum?* na mama mtu mzima *Kemey alekhen?* Padre huitwa *Abba*. Rika lako unaweza kumwita *hawey*, kaka yangu, au *habtey*, dada yangu. Shika sauti ile ya mwisho, *-ey*: ni kama "-angu" yetu.

Jina

Sasa tufike kwenye kiini. *Sim* ni jina, *simey* ni jina langu. Ukitaka kujitambulisha unasema:

*Simey Yohannes iyu* (ስመይ ዮሃንስ እዩ): jina langu ni Yohane.

Tazama mpangilio. "Ni" ya Kiswahili hukaa katikati. *Iyu* hukaa mwisho, kama mlinzi anayefunga lango baada ya wote kuingia. Ukienda Tigray utasikia pia *shimey*. Ni tofauti ya lahaja tu.

Majina mengi ya ubatizo utayatambua: Petro ni Petros, Paulo ni Pawlos, Mariamu ni Mariam. Unaweza kusema jina lako kama lilivyo, au kwa umbo lao.

Kumwuliza mwenzako:

– kwa mwanaume: *Simka men iyu?* (ስምካ መን እዩ)
– kwa mwanamke: *Simki men iyu?* (ስምኪ መን እዩ)

Mwenye jicho kali atauliza: kwa nini *simka* lakini *alekha*? Ni kiambishi kimoja. Kikija baada ya konsonanti ni "k", kikija baada ya irabu hulainika kuwa "kh".

Neno *men* lina uzito kwa mwanafunzi wa falsafa. Maana yake si "nini", ni "nani". Mtigrinya haulizi jina lako ni nini, anauliza ni nani, sawasawa na sisi tunaposema "Jina lako nani?" Darasani tunafundishwa kutofautisha maswali haya mawili: "nini" linatafuta asili ya kitu, "nani" linatafuta nafsi, huyu mmoja asiye na badala. Mkimbizi huulizwa "nini" kila siku: una kibali gani, namba yako ya faili ni ipi. Anayemwuliza "nani" amemrudishia kitu.

Jambo moja la kuzingatia. Waeritrea na Watigray kwa kawaida hawana jina la ukoo. Jina la kwanza ni la mtu mwenyewe, la pili ni la baba yake. Abrehet Tesfay ni Abrehet binti Tesfay. Ukimwita "dada Tesfay" umemwita babaye. Mwite Abrehet. Makatibu wa parokia wakumbuke hili wanapojaza daftari la ubatizo na ndoa, ili mume, mke na watoto wasionekane kana kwamba si familia moja kwa sababu majina yao ya pili hayalingani.

Majina yenyewe mara nyingi ni katekesi fupi. Gebremariam ni mtumishi wa Mariamu, Haileselassie ni nguvu ya Utatu, Tesfay ni tumaini langu. Mwenyeheri Gebre Mikael, mfiadini wa mwaka 1855, alibeba jina lenye maana ya mtumishi wa Mikaeli.

Unatoka wapi, na wewe ni nani

"Mimi ni" kwa Kitigrinya ni *iye*, nayo hukaa mwisho:

– *Kab Tanzania iye* (ካብ ታንዛንያ እየ): natoka Tanzania.
– *Temaharay filsifina iye*: mimi ni mwanafunzi wa falsafa. Mwanamke atasema *temaharit*.
– *Wedi isran hamushten amet iye*: nina miaka ishirini na mitano. Neno kwa neno ni "mwana wa miaka 25". Mwanamke husema *gual*, binti, badala ya *wedi*. Waliosoma Kiebrania cha Biblia watakumbuka kwamba umri hutajwa hivyo hivyo katika Agano la Kale.

Swali lake ni *Kabey ikha?* kwa mwanaume na *Kabey ikhi?* kwa mwanamke: unatoka wapi? Swali hili lijue ili uweze kulijibu, lakini usiwe mwepesi wa kuliuliza. Kwetu ni la kirafiki. Kwa aliyekimbia nyumba yake usiku, laweza kufanana na la askari wa mpakani. Wala usimwambie "wewe ni Mwethiopia" kwa sababu tu umesikia lugha: Kitigrinya kiko pande zote mbili za mpaka, na mpaka huo umemwagiwa damu. Sema kwanza unakotoka wewe, kisha nyamaza. Akipenda ataendelea.

Mazungumzo ya kujaribu

– *Selam, kemey alekhi?*
– *Tsibuq. Nsikha kemey alekha?* (Na wewe, hujambo?)
– *Tsibuq, yeqenyeley. Simey Yohannes iyu. Simki men iyu?*
– *Simey Abrehet iyu. Kabey ikha?*
– *Kab Tanzania iye.*

Yasome kwa sauti, wawili wawili, kisha mbadilishane. Siku tatu zinatosha kuyashika.

Ukialikwa kahawa, nenda ukiwa na muda. Kahawa ni *bun*, nasi tunaijua "buni". Huandaliwa mbele yako na kumiminwa raundi tatu, na ya tatu huitwa *bereka*. Neno hilo halihitaji tafsiri, baraka ni baraka. Usiage kabla yake.

Kwa nini tujisumbue?

Mtu anaweza kusema: si wajifunze wao Kiswahili? Watajifunza, na wengi wameshajifunza, kwa kuwa maisha yanawalazimisha. Anayejifunza bila kulazimishwa ndiye anayeonyesha upendo. Mtakatifu Yustino de Jacobis, mmisionari Mwitaliano, alifika Tigray mwaka 1839, akajifunza lugha za huko na kuishi kama wenyeji hadi alipofariki mwaka 1860. Paulo VI alimtangaza mtakatifu mwaka 1975, na kaburi lake liko Hebo, Eritrea. Wenyeji waliomfuata walisikia Injili kutoka kwa mtu aliyekubali kwanza kuwa mwanafunzi wao.

Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina, na sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji hatuna njia nyingine. Dominika ijayo, baada ya baraka ya mwisho, angalia benchi la nyuma kabla halijawa tupu. Neno la kuanzia unalo: *Selam*.